Tari Halipigiki kwa Zoom, Lakini Simu Msiifukuze

Nitasema jambo ambalo baadhi ya wazee wangu, wanaotaka simu zitoke kwenye maulidi, hawatalipenda: wakati wa korona, sisi wanawake wa Lamu tuliyaona matari, zile ngoma za mkono za maulidi, vizuri kuliko zamani zote.

Kafyu ya Machi 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, haikuwa ngeni kwetu. Tulishawekewa nyingine baada ya mashambulizi ya Mpeketoni mwaka 2014. Ila hii ilikuja na sharti la watu kukaa mbalimbali, misikiti ikafungwa, na wapigaji wakajaribu kukutana kwa simu, kila mtu kwake.

Ilikuwa vurugu. Wengi walilaumu bando, nami nasema bando ilionewa. Programu hizi zimeundwa kwa mazungumzo: mmoja aseme, wengine wanyamaze. Zikisikia sauti mbili pamoja, huinua moja na kuifinya nyingine, na kasida, nyimbo za kumsifu Mtume, ni msomaji na waitikiaji kupokezana hadi sauti zipandane. Tari nalo huhesabiwa kelele, sawa na feni, likachujwa. Nai, aina ya filimbi, ikivuta pumzi ndefu hufifia katikati. Halafu kuna kuchelewa. Hewani sauti hukimbia kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo wapigaji walioachana mita tatu hupishana takriban sehemu moja ya mia ya sekunde. Sikio halina habari. Kwa simu, sauti huchelewa mara kumi ya hapo au zaidi. Msomaji anawangoja waitikiaji, nao wanamngoja yeye, kasida inazidi kuzorota kama jahazi lililokosa upepo.

Kilichofaa ni ndugu wa nyumba moja kupiga pamoja uani, simu moja imesimamishwa mbele yao, wengine tukitazama. Hapo ndipo nilipopata faida yangu. Kwenye maulidi wanaume huwa ndani, sisi nje. Tunasikia vizuri, lakini tunachoona ni migongo na kofia. Sasa nikaona vidole, nikaona nani anaanza na nani anamfuata. Mama mdogo, mpenzi wa kasida tangu utoto, alikuwa akiniambia, "Mwanangu, rudisha pale," kama anatazama mpira. Jamaa walioko Jeddah na Muscat nao wakaletewa sauti za nyumbani.

Kafyu ya korona iliondolewa Oktoba 2021, na sasa nawasikia wazee hao wakisema simu zirudi mfukoni, maulidi ni ibada, si tamasha. Hoja ina uzito. Lakini hata Habib Swaleh, muasisi wa msikiti wa Riyadha hapa Lamu, alipoyapa matari nafasi katika maulidi, walikuwapo wakubwa wa mji waliokasirika. Leo nani Lamu anawaza maulidi ya Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, bila matari?

Simu si ya kuitikia, hilo limeshathibitika. Aliyeko Muscat na atazame. Kijana wa mtaa wa Langoni, hapa hapa Lamu, anayeweza kutembea kwa miguu hadi msikitini, akalala kitandani na simu yake, huyo asiniambie alihudhuria.

Ombi langu kwa wenye kuandaa ni dogo. Mfungo Sita ujao wekeni simu moja, na muielekeze kwenye mikono ya wapigaji. Viti vya wageni rasmi tumeshaviona vya kutosha.