Maji ya Sonjo: ya wazee au ya kijiji?

Mwaka 2011 nusu ya Afrika Mashariki ilijua njia ya kwenda Samunge. Watu walilala barabarani siku kadhaa, wengine wakafia kwenye foleni, wenye uwezo wakatua kwa helikopta, wote wakitafuta kikombe cha dawa cha Sh500 kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo. Tukabishana kuhusu dawa na imani kwa miezi. Wenyeji wa Samunge hatukuwauliza lolote. Hao ni Wasonjo, au Batemi kama wanavyojiita: wakulima wachache wa Kibantu katika tarafa ya Sale, wilayani Ngorongoro, magharibi ya Ziwa Natron, huku majirani zao karibu wote wakiwa Wamasai. (Mti wa dawa hiyo, mugariga, walikuwa wakiutumia kama dawa kabla Babu hajaota ndoto yoyote.)

Mjadala wao ni mkongwe kuliko kikombe kile, nao unahusu mfereji: maji yake yabaki mikononi mwa wazee wa ukoo, au yawe ya kijiji kizima?

Nchi yao ni kavu, lakini chini ya milima zinatoka chemchemi, na vijiji kama Digodigo, Samunge, Sale na Oldonyo Sambu vimefuata maji hayo. Tangu kabla ya ukoloni Wasonjo walichimba mifereji, wakalima mtama, uwele na viazi vitamu, wakafuga mbuzi na kutundika mizinga ya nyuki. Vijiji walivizungushia ngome za magogo na miiba kwa kuhofia uvamizi wa Wamasai. Watu waliojifungia namna hiyo hawana pa kuhamia maji yakipungua. Kilichobaki ni kuyagawa.

Ugawaji huo uko mikononi mwa wenamiji, wazee wanaorithi nafasi zao kwa ukoo. Mwanaanthropolojia Robert Gray, aliyeishi Sonjo miaka ya 1950, alieleza ngazi zake. Juu kabisa wako wenamiji, kila mmoja na zamu yake ya uhakika ya saa zipatazo sita. Chini yao lipo kundi dogo lenye haki ya zamu kwa kulipia. Wanaume waliosalia huomba kwa mwenye zamu, na ombi huambatana na asali au mbuzi. Wazee haohao ndio walioamua kesi, wakatoza faini na kusimamia ibada. Hapo maji na dini havitenganishiki. Nyuma ya wazee yuko Ghambageu, ambaye masimulizi yanasema alizaliwa kutoka kwenye mguu uliovimba wa baba yake, akaishi kati ya watu akitenda miujiza, akafa, akafufuka, akapaa juani. Kumkaidi mzee wa maji ilikuwa karibu sawa na kumkaidi yeye.

Wanaoutetea mfumo huu wana hoja nzito. Umepita ukoloni, uhuru na operesheni ya vijiji vya Ujamaa ya miaka ya 1970 bila kukatika. Ni skimu ngapi za umwagiliaji nchini, zenye banio la zege na kibao cha mfadhili, zimekauka kwa sababu hakuna anayejua zamu ni ya nani? Sonjo kila mtu anajua. Siku ya msaragambo wa kuzibua mfereji asiyefika anatozwa, na anayemtoza amekaa naye kijiji kimoja tangu utotoni. Na msitu unaoifunika chemchemi haukatwi ovyo, kwa sababu pale ni mahali patakatifu. Ofisi ya Bonde la Kati, yenye dhamana ya maji hayo kisheria, iko Singida. Afisa wa Singida hawezi kulinda mti Digodigo usiku.

Upande wa pili nao hauna cha kuonewa aibu. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inasema maji ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Kwa nini basi aliyezaliwa ukoo fulani amwagilie kwa uhakika na jirani yake aombe? Sheria hiyohiyo, lakini, inatambua haki za kimila za maji, kwa hiyo kila upande unainukuu kifungu unachokipenda. Tuwaachie wanasheria. Kinachonisumbua zaidi ni mwanamke. Yeye anapanda, anapalilia na kuvuna, lakini zamu ni mali ya wanaume. Akifiwa na mume, maji ya shamba lake yanategemea hisani ya shemeji au umri wa mwanawe. Utetezi wa mila unaoruka jambo hili siwezi kuuita utetezi wa Wasonjo. Ni utetezi wa baadhi ya wanaume wa Kisonjo.

Lipo pia suala la imani, ambalo pande zote mbili hulikwepa. Faini ya mbuzi ilikuwa na meno kwa sababu nyuma yake palikuwa na hofu ya laana. Sasa makanisa yapo, Walutheri na Wakatoliki, na kijana aliyebatizwa halazimiki tena kumwogopa Ghambageu. Akilipa faini, analipa kwa heshima au kwa kuchelea majirani. Mtetezi wa mila anayesema wazee wataendelea kutii­wa kama zamani anajidanganya. Lakini mwanamageuzi naye ajiulize: kamati ya maji itakayochaguliwa itaogopwa kwa lipi? Uongozi wa kijiji huchaguliwa kila miaka mitano, kwa tiketi ya chama. Mzee wa ukoo akipendelea, aibu inabaki kwa watoto wake. Mwenyekiti akipendelea, muhula unakwisha anaondoka.

Kwa hiyo mimi nisingevunja baraza la wenamiji. Ningewaachia ratiba ya zamu na ulinzi wa chemchemi, kazi wanazozimudu kuliko yeyote. Ningewanyang'anya kimoja: malipo ya mwombaji. Mbuzi au fedha hiyo iingie mfuko wa mfereji, mbele ya mkutano wa kijiji, na zamu ziandikwe kwenye daftari la kijiji, zamu ya mjane ikiandikwa kwa jina lake mwenyewe. Wazee watanuna. Baadhi yao wamo ndani ya serikali ya kijiji tayari, na hilo linafanya mazungumzo yawezekane, ingawa linawapa pia nafasi ya kuyazima.

Muda wa kuzungumza si mrefu. Barabara ya Wasso–Sale, kilomita 49, sasa ni ya lami, na lami huleta wanunuzi. Zamu za Sonjo zilipangwa kwa ajili ya mtama wa kula nyumbani, zao linalovumilia kiu. Kitunguu au nyanya ya sokoni inataka maji mara kwa mara, tena kiangazi. Mwenye zamu ya uhakika ataweza kuilima. Anayeomba hataweza, au atalipia maji kwa bei ya soko badala ya bei ya ujirani. Tofauti iliyokuwa ya mbuzi mmoja kwa msimu itakuwa ya nyumba ya bati na ya nyasi, na mwenye bati hatakuwa na sababu ya kukaa kikao cha kubadili zamu.