Dijei Maktabani

Jumatano iliyopita nilifika maktabani saa tatu kasoro nikamkuta dijei.

Nasema dijei. Uani pa maktaba, mahali ambapo mwaka mzima ukipokea simu unatazamwa kama mwizi wa kuku, palisimama mahema mawili meupe, spika zenye kimo cha mtoto wa darasa la nne, na kijana wa miwani ya jua akituuliza kama tuko tayari kwa afya njema. Ndani, wale wanafunzi wa uhasibu wanaotoka Githurai na Kayole alfajiri ili kuwahi viti walikuwa wameziba masikio kwa viganja. Kumbe ilikuwa Siku ya Afya. Fulana zilikuwapo. Mgeni wa heshima alichelewa, akaja, akahutubu, akapimwa presha mbele ya kamera, akaondoka kabla foleni yetu haijasogea hata hatua.

Maktaba yenyewe siitaji. Wakutubi wake ni watu wazuri na dijei hawakumwita wao.

Tena mimi ni wa kwanza kusema kwamba shughuli za afya zina nafasi yake maktabani. Anayeuliza vitabu na sukari vinahusiana vipi aketi pale siku moja atazame wanaoingia: wastaafu, vijana waliochoka kutafuta kazi, kina mama wanaosubiri watoto, na yule jamaa anayelala usingizi mzito juu ya atlasi. Katika jiji hili ukikaa mahali dakika kumi unaulizwa utaagiza nini. Maktabani haulizwi mtu.

Sasa hili la presha ndilo linanichoma. Presha haipimwi mbiombio. Muuguzi yeyote atakwambia: keti kimya dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, miguu usiipishanishe, mkono juu ya meza usawa wa moyo, kibofu kitupu, domo umelifunga. Kisha upumzike kidogo upimwe tena. Hebu isome tena orodha hiyo uniambie ni ya zahanati gani ya Nairobi. Zahanati unaifikia baada ya kuning'inia mlangoni mwa matatu, kugombana na kondakta kwa chenji ya shilingi ishirini na kusimama foleni saa mbili, halafu unaambiwa "kaza mkono, mwingine ajiandae". Kiti chenye egemeo, meza, ukimya, watu waliotulia tangu asubuhi: hiyo ni maktaba! Tulijengewa vyumba vya kupimia presha pasipo mtu kujua, vikajazwa vitabu. Na siku ya kupima ilipofika tukatolewa nje, tukasimamishwa juani, hatua nne kutoka kwenye spika. Nani presha yake haitapanda?

Mzee wa Gazeti ilipanda. Ndivyo tunavyomwita. Alikuwa karani wa reli, amestaafu zamani, na kila asubuhi hufika kabla ya magazeti. Alizaliwa enzi ambazo Mwafrika hakuruhusiwa kuingia maktaba ya McMillan, ile ya nguzo na simba pale Banda Street, iliyofunguliwa 1931 kwa ajili ya Wazungu. Nadhani ndiyo sababu mpaka leo huingia maktaba yoyote ameshika kofia mkononi na kuketi kama mtu anayekusanya deni.

Kesho yake, mahema yameshang'olewa, alinijia na karatasi aliyoikunja mara nne. "Kijana, hebu nitazamie hii."

Imeandikwa 172/104, na chini yake maneno mawili ya Kiingereza ya kumtaka aende hospitali. Hospitali ipi, lini, akamwone nani, kimya.

"Nimegawa," akaniambia. "Nimepata moja nukta sita tano. Hiyo ni nyingi?"

Nilitaka kucheka, kisha nikaona kalamu imepita mara tatu juu ya lile jibu. Mtu huyu amefunga vitabu vya hesabu vya stesheni nzima miaka thelathini, anasoma Kiingereza kunishinda, na amelala usiku mzima akidhani uhai wake ni hesabu ya kugawanya kwa sababu hakuna aliyempa dakika moja kumwambia kwamba namba ya juu ni moyo unaposukuma damu na ya chini ni unapopumzika. Watu wazima wenye akili zao wanapewa tarakimu kama tikiti ya bahati nasibu, halafu tunashangaa mbona dawa hawamalizi.

Tukaenda duka la dawa la jirani. Nilimwomba yule dada amwache mzee akae kwanza. Mara ya pili ikasoma 158/96. Imeshuka, lakini bado iko juu ya 140/90, ule mstari unaotumiwa kwetu. Haya basi, nakubali: bila lile hema mzee asingejua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima Kenya hawakuwa wamewahi kupimwa presha maishani, kwa hiyo hema ni afadhali kuliko bure. Nimeshasema, tusirudie.

Ninachotaka ni kidogo kiasi cha kuudhi. Mashine moja ya presha ndani, kwenye kona ya magazeti. Kila Jumanne, mhudumu yuleyule, saa zilezile, ili mzee akirudi asianze kujieleza upya. Wahudumu tunao: mwaka 2023 Serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao laki moja nchi nzima, wakapewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari. Malipo yao ni shilingi elfu tano kwa mwezi, na hata hizo huzingoja. Na msiniambie ni wizara tofauti. Fungueni Katiba ya 2010, Jedwali la Nne: zahanati ni kazi ya kaunti, maktaba ni kazi ya kaunti. Ni mkono wa kulia kumpa kitu mkono wa kushoto, na bado tunaambiwa itahitajika kamati.

Nimeambiwa pia kwamba wakutubi si madaktari. Kweli. Lakini kazi ya mkutubi ni kumpa mtu maandishi anayoyaelewa, na rafu ya afya pale kwetu ina kitabu kinene cha wauguzi kilichopoteza jalada na vitabu vitatu vya kupunguza tumbo. Kwa Kiswahili, sifuri.

Yoga ya saa nane mchana sina maoni nayo. Waliokuwa na nafasi walinyooshwa.

Kuna kitu kingine, na hapa sitanii. Wale wanafunzi waliokuwa wameziba masikio hukaa humo saa kumi kwa siku, kwa mandazi na kinywaji cha kopo cha kukesha. Mmoja nilimkuta chooni mwezi uliopita akilia, mtihani ameuanguka mara ya tatu na nyumbani hajasema. Nilimpa leso. Sikujua kingine cha kumpa, wala sikujua nimpeleke wapi. Siku ya Afya ilipokuja alipewa fulana.

Mkutubi mkuu nilipomweleza haya alinisikiliza mpaka mwisho, akapangusa miwani, akasema, "Andika barua."

Nimeandika. Kurasa mbili, nakala tatu. Mzee wa Gazeti alidai aione kabla haijaenda, akaisoma akiwa ameketi wima, nyayo zote mbili sakafuni, akanisahihisha mahali pawili na kuniambia niondoe neno "dijei".

Nimelirudisha.