Meno ya kahawia: kabla hujakubali kuchongwa

Kwa aliyekulia Maji ya Chai, Ngarenanyuki, Naivasha au Njoro, ambako maji huacha meno na madoa ya kahawia, pesa ya kwanza ya maana ikiingia mfukoni huja na swali: niweke vinia, yaani vigamba vyembamba vya kauri vinavyobandikwa mbele ya jino, kwa kawaida baada ya kulichonga, au niyaache meno yangu kama yalivyo? Simuni zimejaa picha za kabla na baada, kliniki zinatangaza ofa ya meno nane au kumi kwa mkupuo, na wapo wanaopiga hesabu ya tiketi ya Uturuki.

Sikubaliani na wanaoliita jambo hili ulimbwende. Mtu anayeziba mdomo kwa kiganja kila akicheka, anayedhaniwa hapigi mswaki ilhali anapiga asubuhi na usiku, ana haki ya kutaka meno meupe na kuyalipia. Ninachopinga ni utaratibu wa kazi yenyewe. Wengi wanaanzia pale ambapo walipaswa kuishia, yaani kwenye kuchonga, na jino lililochongwa halioti upya.

Tuanze na doa lenyewe. Linatokana na floraidi, madini yaliyomo kwenye maji, iliyozidi wakati jino la kudumu linajengeka ndani ya taya, tangu utotoni hadi karibu miaka 8. Kwa meno ya mbele ya juu, hatari kubwa ni miaka 3 au 4 ya mwanzo. Shirika la Afya Duniani linataka floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji. Tanzania iliruhusu hadi 4 kwa miaka mingi kabla ya kushuka hadi hapo, na vipo visima vya kaskazini na vya Bonde la Ufa vinavyozidi hata hiyo 4. Magadi ya kulainishia maharage na makande nayo huongeza. (Wazazi wenye watoto wadogo huko, anzeni na maji na magadi, kituo cha Ngurdoto, Arusha, kimefanya kazi ya miaka mingi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa.)

Jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi ni kwamba jino hili huota likiwa jeupe la chaki. Ukahawia huja baadaye, kwa sababu enameli yake, yaani ganda gumu la nje la jino, ina vitundu visivyoonekana kwa macho na inanyonya rangi ya chakula na vinywaji. Kwa hiyo mara nyingi rangi iko kwenye tabaka la juu, na inaweza kutolewa bila kuligusa jino zima.

Madaktari hupima ukali wa tatizo kwa skeli ya Thylstrup na Fejerskov ya mwaka 1978, kuanzia 0 mpaka 9. Nyumbani unaweza kupata picha ya awali. Simama dirishani mchana, kausha meno ya mbele kwa kitambaa safi, kisha pitisha ukucha taratibu. Ukiona mistari na mawingu meupe, au kahawia lakini uso ni laini, uko upande wa tiba nyepesi. Ukucha ukidumbukia kwenye vishimo, au kingo zimemeguka, utahitaji kujaziwa. Hata hapo, kujaza si kuchonga.

Tiba ya kwanza ninayoitetea ni kusugua kwa tindikali kliniki. Meno hutengwa kwa karatasi ya mpira ili dawa isiguse fizi wala mdomo, kisha daktari hupaka ute wenye tindikali ya haidrokloriki, kwa kawaida asilimia 6.6, uliochanganywa na chembe ngumu za silikoni kabaidi. Anausugua kwa kikombe cha mpira kinachozunguka polepole, kwa muda usiofika dakika moja au unaozidi hapo kidogo, anaosha, anaangalia, anarudia. Kinachoondoka kwa kikao kizima ni sehemu ya kumi ya milimita, au mbili hivi. Sindano ya ganzi haihitajiki. Madoa ya juu juu hutoka kwa kikao kimoja au viwili. Yasipolegea, anayeendelea kusugua anakosea, kwa kuwa enameli inakonda na umanjano wa dentini, tabaka la jino lililo chini yake, unaanza kuchungulia. Ndimu na magadi soda nyumbani, au unga wa mkaa, vinatafuna jino bila kipimo na bila kinga ya fizi.

Baada ya hapo hufuata kung'arisha. Unachukuliwa vipimo vya meno yako, unatengenezewa trei laini ya plastiki ya kuvaa juu ya meno, ya kwako mwenyewe, na unapewa jeli ya kung'arisha ya kabamaidi peroksaidi ya asilimia 10. Tone dogo kwa kila jino linatosha. Likifurika linaunguza fizi. Unalala nayo. Meno ya kawaida hung'aa ndani ya wiki 2, ila haya ya floraidi huhitaji wiki 4 na wakati mwingine zaidi ya 8. Siku za mwanzo mabaka meupe huonekana makali kuliko mwanzo, na hapo ndipo wengi hukata tamaa na kukimbilia vinia. Vumilia, sehemu zilizobaki zinaendelea kuwa nyeupe na tofauti inapungua. Meno yakiuma kwa maji baridi, ruka usiku mmoja au miwili na tumia dawa ya meno yenye potasiamu naitreti. Ukimaliza, subiri wiki 2 kabla ya kubandikiwa chochote, maana oksijeni iliyobaki kwenye jino huzuia gundi kushika.

Hata anayejua mwishoni ataweka vinia hapotezi kitu kwa kupitia hatua hizi mbili. Kigamba cha kauri ni chembamba, na jino la kahawia chini yake linaonekana. Ili kulificha, daktari atalazimika kuchonga zaidi apate nafasi ya kauri nene, au kutumia kauri nzito isiyopitisha mwanga, ile inayofanya meno yafanane na vigae vya bafuni. Jino likishapauka kwanza, kigamba chembamba kinatosha.

Penye vishimo na mabaka sugu, kompositi, yaani kijazio chenye rangi ya jino kinachopakwa na kugandishwa kwa taa ya buluu, inafaa sana, na mara nyingi jino halichongwi au linakwaruzwa tu. Ila enameli ya floraidi ni kaidi kwa tindikali inayoiandaa ili gundi ishike. Fundisho la kawaida ni tindikali ya fosfori ya asilimia 37 kwa sekunde 15 hadi 30. Kwa meno haya daktari mzoefu hukwaruza uso kidogo kwanza, au huongeza muda hadi kama dakika moja. Dalili ya kuwa imekubali ni jino kugeuka jeupe lisilong'aa kabisa likikaushwa. Kompositi iliyobanduka nzima nzima baada ya miezi michache, mara nyingi ilikosea hapo. Ikiwekwa vizuri, tarajia miaka 5 hadi 7. Itashika rangi ya chai, itameguka pembeni, lakini inatengenezeka kwa kikao kifupi, na chini yake jino lako bado lipo.

Sasa vinia za kauri. Enameli ya jino la mbele karibu na fizi ina unene wa milimita 0.3 hadi 0.5 tu. Daktari akichonga nusu milimita hapo, tayari ameingia kwenye dentini, ambako gundi haishiki kama kwenye enameli. Ndiyo maana swali la kwanza kwa daktari liwe: utachonga kiasi gani, na utabaki ndani ya enameli? Vinia iliyobandikwa kwenye enameli hudumu miaka 10 na zaidi bila shida kwa wagonjwa walio wengi. Iliyobandikwa kwenye dentini hulegea na kuvuja pembeni mapema.

Na kuna kofia, yaani kifuniko kinachovikwa jino zima baada ya kuchongwa pande zote. Watafiti Edelhoff na Sorensen walichapisha vipimo mwaka 2002: vinia huondoa kati ya asilimia 3 na 30 ya jino linaloonekana juu ya fizi, kofia nzima huondoa 63 hadi 72. Kumwekea kofia kijana wa miaka 22 mwenye meno mazima, kwa sababu ya rangi peke yake, naona ni kumwumiza. Baadhi ya meno hayo hufa kiini miaka kadhaa baadaye, na hapo inabidi kutoboa kofia ili kutibu mzizi. Usitegemee jina lililoandikwa kwenye tangazo. Kama jino linachongwa mbele, nyuma na ubavuni likabaki kigingi, hiyo ni kofia hata wakiiita vinia. Uliza pia ni kauri gani. Kauri za kioo hukwaruzwa ndani kwa tindikali ya haidrofloriki ili gundi ing'ang'anie. Zirkonia, kauri nyingine ngumu zaidi, haikubali tindikali hiyo, na "vinia za zirkonia" mara nyingi huwa ni kofia.

Kuhusu bei, watu huuliza jino moja ni shilingi ngapi na kuishia hapo. Tuseme ni 400,000, na unawekewa meno 8: 3,200,000. Una miaka 25. Zikidumu miaka 15, utazibadilisha ukiwa na 40, tena 55, tena 70, na kila mara jino linapungua kidogo. Hiyo ndiyo bei, na bima nyingi huhesabu kazi hii kuwa urembo, hazilipi. Kama huwezi kuona pesa ya seti ya pili itatoka wapi, kompositi ni uamuzi wa busara kuliko kukopa. Punguza pia idadi: cheka mbele ya simu, hesabu meno yanayoonekana kweli. Wengi huonyesha 8 mpaka 10 ya juu. Ofa ya 20 ni ya faida ya kliniki.

Kama bado unataka kauri, dai majaribio kabla ya kuguswa. Maabara hutengeneza umbo kwa nta juu ya nakala ya meno yako, kisha daktari hulihamishia mdomoni kwa plastiki ya muda bila kuchonga. Kaa nalo. Sema "fungua vifuniko vyote vya fedha": kwenye f na v ncha za meno ya juu zinapaswa kugusa mdomo wa chini kidogo tu. Zikiuchoma, ni marefu mno. Na rangi ichaguliwe mwanzo kabisa, meno yakiwa na mate, karibu na dirisha. Jino lililokauka kwa dakika chache huonekana jeupe kuliko lilivyo, na vinia zitakuja zisizofanana na majirani zao.

Zipo hali ambazo jibu ni "bado": fizi zinazotoa damu, jino bovu lisilotibiwa, au kusaga meno usiku. Kwa msagaji, kauri bila kinga ya usiku iko hatarini kupasuka. Anayekuhudumia awe kwenye orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika, au KMPDC, baraza la madaktari na madaktari wa meno, kwa Kenya, na akuonyeshe kazi zake za miaka mitano iliyopita, maana picha za siku ya kubandika hazisemi lolote kuhusu uimara.

Siku ya kubandikiwa, omba upewe kwa maandishi aina ya kauri, namba ya rangi na meno yaliyoguswa. Daktari mwingine atayahitaji siku moja. Kabla hujainuka kwenye kiti, uzi wa meno upitishwe kati ya kila jino na jingine. Unapaswa kuingia na kutoka bila kukwama. Ukichanika au kunasa chini ya fizi, kuna gundi iliyobaki pale, na ndiyo huleta fizi nyekundu na harufu mbaya. Itolewe siku hiyohiyo, na urudi kukaguliwa baada ya wiki 2.