Sikuiba mfuniko, nilikuwa natafuta nyumba

Kabla hamjaendelea kurushiana kwenye magrupu ile sauti aliyoirekodi swahiba wangu, ile ya mimi kukamatwa usiku nikidaiwa kuiba mfuniko wa chemba ya choo, naomba na mimi nijieleze. Kwanza, sikuvuliwa suruali. Pili, sikulia. Machozi yalinitoka, sikatai, lakini aliyewahi kuinamisha pua juu ya chemba ya choo na joto la Dar atanielewa. Tatu, mfuniko sikuuiba. Mfuniko upo, nendeni mkauangalie, na tangu Alhamisi umewekewa kufuli kwa heshima yangu.

Mnaonifuata siku nyingi mnajua nilipata uhamisho. Serikali nzima imefungasha virago kwenda Dodoma, ofisi yangu ikaona mimi nitoke Dodoma nije Dar. Tulipishana njiani. Mama Neema na watoto watatu wakabaki kule wakisubiri nipate nyumba, mimi nikafikia kwa swahiba Sinza, nikawa nalala kwenye kochi ambalo kichwa kikiwa sebuleni miguu iko jikoni. Mke wa swahiba ni mtu mwema, hajawahi kusema kitu. Ila asubuhi ya siku ya tisa alinipikia chai akaniuliza, "Shemeji, huko kwenye nyumba kunaendeleaje?" Mkiulizwa hivyo na shemeji, ondokeni.

Kazi yenyewe iko Posta, katikati ya jiji, kwa hiyo kila nilipopelekwa nilipiga kwanza hesabu ya kufika Posta, vyumba baadaye. Kigamboni nilipapenda, upepo wa bahari, viwanja vipana, lakini ni ama upange foleni ya pantoni ama uzungukie daraja na ulipie. Kimara kuna mwendokasi tangu 2016, basi lina barabara yake halijui foleni, ila kuingia ndani yake saa kumi na mbili asubuhi kunataka mabega, na mimi Mungu alininyima. Chanika nyumba kubwa, kodi ndogo, lakini baba mmoja wa huko aliniambia anaamka saa kumi alfajiri na mtoto wake wa mwisho anamwamkia kama mgeni. Mbezi msinikumbushe. Dalali kaniambia "shuka Mbezi," nikashuka Mbezi Beach, yeye ananisubiri Mbezi Mwisho kwenye stendi kubwa ya mabasi. Tukakaa saa nzima tunaelekezana kwenye simu, kila mmoja anamwona mwenzake mjinga. "Umeiona stendi?" "Naona baa." "Siyo baa, stendi!" Siku ikaisha hivyo.

Ndipo akanileta Tabata. Mtaa siutaji, mnaishi nao.

Ilikuwa mchana, saa nane. Kutoka barabara ya lami alisema ni dakika tano, na kweli zilikuwa tano, kwa pikipiki, tukishuka mteremko muda wote. Mtu wa Dodoma akishuka mteremko anafurahia kwamba hachomi mafuta. Mtu wa Dar akishuka mteremko anajiuliza maji ya mvua nayo yanashukia wapi. Mimi nilifurahia.

Nyumba ikanikaa moyoni. Vyumba vitatu, kimoja masta, marumaru chini, jipsamu juu, LUKU ya umeme ya peke yako. Mpangaji alikuwepo bado, ila dalali alisema anahama mwisho wa mwezi na hayupo, tupite harakaharaka. Akamnong'oneza dada wa kazi maneno, dada akatupisha. Maneno yenyewe sikuyasikia. Yawekeni akilini.

Ndani niliona friji imepandishwa juu ya matofali manne. Kitanda nacho kiko juu ya matofali. Kabati, matofali. Nikauliza. "Mambo ya panya hayo, bosi," dalali akajibu. Nje, chini ya rangi ya krimu, kulikuwa na kitu chekundu kinachungulia kama herufi X. "Fundi alikuwa anajaribu brashi." Nikaona sawa. Mnaosoma mkiwa mabondeni, Jangwani au Kigogo, nawaona mnavyojishika vichwa. Nilijuaje mimi? Kwetu mvua tunaihesabu kwa vidole!

Akataka kodi ya miezi sita, na ya kwake ya mwezi mmoja pembeni. Nikamwachia elfu hamsini ya kushikilia nyumba kwa sababu kuna mtu mwingine alikuwa anakuja kulipia jioni ile ile. Huyo mtu mwingine yuko kwenye kila nyumba ya Dar. Sijawahi kumwona, lakini ana pesa sana.

Jioni nikaenda kijiwe cha kahawa Sinza kujigamba. Mzee mmoja, aliyeyaona kwa macho mafuriko ya Desemba 2011, yale ambayo baada yake watu wa mabondeni walipelekwa Mabwepande, akanisikiliza mpaka mwisho, akatafuna kashata yake taratibu. Akaniuliza: "Hapo mahali na mto Msimbazi, kuna umbali gani?" Nikamwambia mto sijauona. "Hutauona sasa. Utauona mwezi wa nne, ukiwa umelala." Halafu akanipa somo. Nirudi usiku nisikilize kama kuna baa. Nipapase ukuta wa nyuma nitafute mstari wa maji, maana mbele hupakwa rangi na nyuma husahaulika. Na ninuse chemba, kwa sababu pale chini maji yakiwa karibu, shimo la choo linajaa kabla hata hujamaliza kodi, na kila mwezi utakuwa unaita gari la kunyonya.

Ushauri mzuri sana. Ningeufuata na mtu mwingine pembeni, leo nisingekuwa naandika haya.

Alhamisi, saa nne na robo usiku. Nimevaa tisheti nyeusi ya swahiba na suruali nyeusi, kwa hoja kwamba sitaki kuonekana nina hela. Nikafanikiwa. Mkononi futi ya fundi, mfukoni kipande cha nondo, simu nimewasha tochi nikaichomeka kwenye mfuko wa kifua. Naomba mnitazame vizuri hapo kabla hamjamlaumu mtu.

Baa hakuna. Nikafurahi. Nikazunguka nyuma kwenye uchochoro, ukuta hauna fensi upande ule. Mstari nikauona: rangi ya chai ya maziwa, umenyooka kama umepigwa rula. Nikaupima. Sentimita tisini na mbili. Nikajipima na mimi. Unafika kwenye mkanda. Nikampima Neema kwa mawazo. Unafika kidevuni.

Pale ndipo mtu mwenye akili angeondoka. Lakini nilikuwa nimepewa hatua tatu, na mimi tangu shuleni sipendi kuacha swali la mwisho.

Mfuniko ni wa chuma, mzito. Nikaingiza nondo pembeni, nikauinua kidogo, kama upana wa vidole vinne. Nikapiga magoti. Futi nikaibana kwa meno. Nikaingiza uso.

Ndugu zangu.

Sina la kuwaeleza kuhusu harufu. Nitasema tu kwamba macho yalijifunga yenyewe, na nikiwa katika hali hiyo, magotini, makalio juu, kichwa kimeingia chemba ya watu, simu ikaanza kuita. Sauti ya mlio ni tarumbeta, aliweka Neema mwenyewe. Usiku ule ikalia kama harusi inapita uchochoroni.

Simu yangu kioo kimepasuka. Ukigusa kukata, inapokea. Ikipokea, inajiweka spika. Nikagusa kukata.

"Baba Neema?"

Wakati huo huo mlango wa jikoni ukafunguliwa. Mwanga ukanipiga. Nilichokiona kwanza ni ndala, halafu khanga, halafu mwiko, ule mkubwa wa ugali wa msibani. Mfuniko ukaniponyoka ukaanguka, *ngwaaa*, mbwa wa mtaa mzima wakajibu.

"Wewe nani?"

Futi ikanitoka mdomoni. Nikasema, "Mpangaji."

"Mpangaji wa wapi?"

"Wa hapa."

"Hapa naishi mimi!"

"Mpangaji mtarajiwa," nikasahihisha.

Kifuani kwangu sauti ikatoka tena, pole pole, ile ya mtu anayekaa vizuri kitini: "Baba Neema. Huyo mwanamke ni nani?"

Sijui kama mmewahi kuwa na wanawake wawili, mmoja ana mwiko, mwingine yuko Dodoma, na mkamwogopa zaidi wa Dodoma.

Yule mama alipopiga kelele ya "Mwizi!" nilihesabu, sikufika nne. Walitoka watu kwenye nyumba ambazo mchana nilidhani hazina watu. Kijana mmoja mwenye fimbo akanishika kola. Mwingine akamulika chini, akaona mfuniko, nondo na futi, akatoa hukumu: "Ndiyo hawa! Wanaoiba mifuniko wanauza vyuma chakavu!" Mtaa wao ulikuwa umeshaibiwa mifuniko miwili. Yaani nilikuwa nimekuja kulipia madeni ya watu. Na hapa mjini mwizi hafikishwi polisi akiwa na meno yote, hilo nilikuwa nalijua hata nikiwa Dodoma.

Nikapaza sauti: "Mimi siyo mwizi, nilikuwa nanusa!"

Kimya. Kuna maneno ukishayatoa unayaona yanavyokwenda. Kijana mwenye fimbo akalegeza kola kidogo, siyo kwa huruma, nadhani alihofia naambukiza.

Nikaanza kueleza kwamba niliwahi kuja mchana kihalali kabisa. Dada wa kazi akanitazama, uso ukamng'aa. Nikasema Mungu mkubwa, shahidi huyu. "Namjua!" akasema. "Huyu ni fundi wa paa! Alikuja Jumanne!"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya dalali. Kwa hiyo sasa nilikuwa fundi wa paa, mpangaji, mwizi wa vyuma chakavu, na mtu anayenusa. Ndala yangu ya kushoto sikuiona tena mpaka leo.

Aliyeniokoa ni mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Alifika amevaa bukta na koti la suti, akaomba nafasi, akasikia kifua changu kinaongea. "Hiyo simu ina nani?" Nikamwambia ni mke wangu. Akainama mbele yangu, uso kwa mfuko wa tisheti, akaongea nayo kama anahutubia.

"Mama, huyu unamfahamu?"

"Ni wangu, Mheshimiwa."

"Amekuja kufanya nini huku?"

"Kututafutia nyumba, Mheshimiwa."

"Kwenye chemba?"

Kimya kirefu. Watu wote wamesogea kwenye kifua changu.

"Hapo, Mheshimiwa, hata mimi sina la kusema."

Akamwuliza nyumba ya namna gani. Mama Neema hakuvuta pumzi: vyumba vitatu, kimoja masta, maji ya DAWASA ndani, LUKU isiwe ya kuchangia, shule ya msingi watoto wafike bila kuvuka barabara kubwa, na jiko liwe na dirisha kwa sababu kule Dodoma alinivumilia miaka sita bila dirisha. Kila alichotaja watu wakawa wanaitikia kwa vichwa. Mwizi hana orodha ya namna ile. Kijana mwenye fimbo akaniachia kola, akanikung'uta bega, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Bajeti yako ikoje, bosi?"

Yaliyofuata kwa ufupi. Yule mama mwenye mwiko hakuwa anahama kokote, ndio kwanza anasikia kwangu kwamba nyumba anayoishi imeshaanza kushikiliwa. Akampigia mwenye nyumba pale pale, na mambo aliyomwambia siyaandiki, kuna watoto humu. Matofali ya friji siyo panya, ni mafuriko, na ile X nyekundu siyo brashi, ni alama ya nyumba ya kubomolewa. Dalali simu yake mpaka sasa haipatikani, na elfu hamsini imeenda na maji hata kabla ya masika. Swahiba aliitwa saa sita usiku kuja kunichukua. Alikuja na soda, akakaa kusikiliza, akarekodi.

Nyumba tumepata. Ni mtaa ule ule, ila juu kabisa mlimani, umbali wa kupanda mpaka goti linalia. Nimepapasa ukuta wa nyuma mchana kweupe, mwenye nyumba akiwa amesimama pembeni ameshika kiuno. Dalali ndiye yule kijana wa fimbo. Nilidhani kwa yaliyotokea angenipunguzia. Kachukua ya mwezi mzima, kanipa mkono, kaniambia "karibu sana mtaani." Jumatatu nilikwenda kujiandikisha kwa mwenyekiti, akafungua daftari, akatafuta, akasema, "Jina lako tunalo tayari."

Familia inafika Jumamosi. Jana nilikuwa peke yangu nadeki sebule, mtoto wa kiume kama wa miaka saba akagonga, akasimama mlangoni na adabu zake zote.

"Shikamoo."

"Marahaba, baba."

"Mama wa kule chini anakusalimia. Anasema chemba yake imeanza tena, kama una nafasi uje unuse."