Hiyo "mita 30" ya kwenye boksi la pampu si ya kisima chako

Niliahidi kuandika habari za makato ya korosho, lakini makato yapo na yataendelea kuwepo, hayana haraka. Leo nina hasira na jambo jingine.

Jirani yangu huku bonde la Lukuledi, kusini mwa Tanzania, mzee wa heshima zake, kapata fedha ya mnada wa kwanza wa korosho akasema mwaka huu mama watoto hatavuta tena kamba na ndoo. Kaenda mjini, kanunua pampu ya petroli ya inchi mbili, kaifunga juu ya mdomo wa kisima, kajaza maji kwenye pampu kama alivyoelekezwa, kavuta kamba ya injini. Ikanguruma vizuri kabisa. Maji hayakuja. Wakakaza viungo vya paipu, hayakuja. Jioni nzima mtaa unasikiliza injini na kunusa moshi. Akatokea mtu, hakosekani huyo, akasema kisima hakikutolewa sadaka siku ya kuchimbwa.

Tukashusha kamba yenye jiwe. Toka mdomo wa kisima hadi usoni mwa maji, mita 11. Nikamwambia, mzee wangu, hapa hata ukichinja ng'ombe maji hayaji.

Muuzaji alimwambia hivi, na mzee anamnukuu kwa imani kabisa: "Baba, mashine hii ni mita thelathini, kisima chako cha mita kumi na mbili si mchezo tu?" Na kweli kwenye boksi imeandikwa 30. Kinachonikera ni kwamba hiyo 30 ni urefu ambao pampu inaweza kuyasukuma maji kwenda juu baada ya kuwa imeshayapata. Kuyatoa chini ni hesabu nyingine, nayo iko kwenye mstari mwingine wa lebo ileile, kwa herufi ndogo: 7, au 8. Huo mstari hausomwi dukani. Ungesomwa, nusu ya mashine zingebaki kwenye rafu.

Na hiyo 7 haitokani na ubovu wa kiwanda. Pampu iliyokaa juu haivuti maji kama unavyovuta mbuzi kwa kamba. Inatoa hewa ndani ya paipu, basi. Kinachoyapandisha maji ni hewa ya nje inayoyakandamiza kule kisimani. Hewa hii tunayopumua, usawa wa bahari kama Lindi na Mtwara mjini, ina nguvu ya kuinua maji mita 10 na kidogo, tena kama ndani ya paipu hakuna hewa hata chembe. Ukihesabu viungo vinavyovuja na vali ya chini iliyoingia mchanga, unabaki na 7. Funga injini ya trekta, funga ya meli, hewa haiongezeki nguvu kwa sababu wewe umenunua injini kubwa. Kwa hiyo fundi anayekuambia "hii ndogo, ongeza hospawa", yaani nguvu ya injini, anakuuzia mzigo wa pili baada ya wa kwanza kushindwa.

Haya, nimtendee haki muuzaji, japo roho haitaki. Pampu ileile ukiipeleka kwa kijana anayelima mchicha na nyanya kandokando ya mto, maji yako mita 2 au 3 chini, atakuombea dua. Mashine nzuri. Imepelekwa tu mahali ambapo haiwezi kazi, na aliyeipeleka ana risiti iliyoandikwa chini kwamba mali ikiuzwa hairudishwi.

Hadi hapo ningenyamaza. Hasara ya fedha tumeizoea, sisi watu wa korosho. Kilichonitoa usingizini ni ushauri wa pili. Mzee alipompigia simu muuzaji, akajibiwa kwa upole, kama anaelekezwa njia ya stendi: "Basi mshushe mashine chini kidogo, muiweke kwenye jukwaa karibu na maji."

Yaani injini ya petroli. Ndani ya kisima. Na kijana mmoja ashuke nayo kuiwasha.

Nilipofika fundi alikuwa tayari anapima mbao za jukwaa. Nikapiga kelele za kutosha kuwatoa wakwe zangu nje, na sijutii.

Sikilizeni, maana naona jambo hili linafanywa kama la kawaida, na si kwa kumwagilia tu. Wachimbaji wa visima nao wakikuta maji yanawazuia kwenda chini hushusha mashine ili wayakaushe waendelee. Moshi wa injini ya petroli una kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Uwanjani inapeperuka. Ndani ya shimo lenye upana wa mita moja na ushei inakwenda wapi? Inakaa hapo, na anayeivuta haanzi kwa kukohoa ili ashtuke apande. Kichwa kinauma kidogo, miguu inalegea, anakaa. Wa juu anaita, hasikii jibu, naye anashuka kumtoa ndugu yake. Halafu wa tatu. Ndiyo maana ajali za namna hii zikitokea hupeleka watu wawili watatu wa ukoo mmoja.

Msiniambie habari ya mshumaa. Najua, wazee wetu walishusha kibatari kwanza, kikizimika hawashuki, na walikuwa na akili: kibatari kinazimika pale hewa safi imepungua, na kisima kilichofunikwa muda mrefu kinaweza kuwa hivyo hata bila injini yoyote. Lakini kaboni monoksidi inaua mtu huku kibatari kinawaka vizuri tu. Kuzima injini ukasubiri kidogo nako si dawa, maana moshi hautoki shimoni kwa kuwa wewe umemaliza kazi. Na aliyeanguka chini usimfuate. Mwite mtu wa zimamoto, namba ni 114. Najua gari litatoka mbali, najua, lakini wewe ukishuka litakuja kutoa maiti wawili. Kama mchimbaji alishuka akiwa amefungwa kamba kifuani na watu wa kumvuta wako juu, hapo hamhitaji hata shujaa. Kamba hiyo bei yake haifiki ya soda za siku ya kazi.

Ukitaka kukausha kisima wakati wa kuchimba, tumia ndoo na kapi, au pampu ya umeme ya kuzamisha, jenereta ikae mbali kabisa na mdomo, upande ambao upepo unaupeleka moshi wake nje. Na pampu ya umeme ikiwa inafanya kazi, mtu asiwe ndani ya maji. Atoke kwanza.

Ndugu zangu wa Newala na Tandahimba mnaocheka kwamba tunabishania mita 11, nawasikia. Kwenu juu ya uwanda wa Makonde kisima cha kuchimba kwa jembe na sururu ni hadithi, maji yako chini mno, na bibi zenu waliteremka mabondeni na kupanda tena na mtungi kichwani. Nyie endeleeni na mabati na matangi yenu ya mvua. Makala hii si yenu.

Sasa kinachoniuma zaidi ni kwamba mikoa hii miwili, Lindi na Mtwara, ingepaswa kuwa ya mwisho kudanganywa habari za pampu. Wafini, watu wa Finland, walikuja huku toka miaka ya 1970, wakachimba visima vifupi vijiji hadi vijiji, wakafunga pampu za mkono za Nira. Wengi wetu tumekua tukining'inia kwenye mpini wake. Aliyewahi kusimama pale fundi akiifungua anajua kitu kilitolewa chini kabisa, kimelowa: silinda. Ilikaa majini. Ikayasukuma maji juu kutoka kule, haikukaa juu ikingoja hewa iyalete. Somo lilikuwa mbele ya macho yetu, tena bila ada, na leo tunauziwa namba za boksi.

Kwa kisima cha mita 11 njia zipo. Pampu ya umeme ya kuzamisha, kama umeme unao na haukatiki (na usinianzishe habari za mkoa unaotoa gesi ya Mnazi Bay kisha unalala gizani). Sola ni nzuri, bei yake ndiyo inakaa vibaya. Mimi napigia debe pampu ya kamba, na nitaipigia debe hadi mnichoke: gurudumu juu, kamba inayozunguka, visahani vya mpira wa tairi vimefungwa kwenye kamba kila baada ya mita moja hivi, vinapita ndani ya paipu ya plastiki kutokea chini ya maji na kubeba maji hadi juu. Hakuna hewa inayosubiriwa, hakuna petroli. Ikikatika kamba unaunga. Mchomeleaji yeyote mwenye akili anaitengeneza. Ugumu uko kwenye visahani, vikibana gurudumu halizunguki, vikilegea maji yanarudi chini. Ukimpata anayevipatia, mshike.

Wa pwani, Mikindani na kwingineko, mna sababu moja ya ziada ya kuogopa mashine kubwa. Maji yenu baridi yameelea juu ya maji ya chumvi. Ukiyakomba kwa pupa, chumvi inapanda, na kuirudisha chini si kazi ya wiki moja.

Choo kikae mita 30 kutoka kisimani. Hiyo ndiyo mita 30 ya kushikilia. Mfuniko uwekwe, wa zege, usio wa kuazima kwa ajili ya kuanikia mihogo.

Na kama hujachimba bado, chimba kabla mvua hazijakolea, maji yakiwa yamekwenda chini kabisa. Pete za zege zitangulie kushuka huku mnachimba chini yake, mkipata maji mwendelee hadi mshindwe kweli. Atakayekuambia subiri Machi atakuonyesha maji mita 4, mtapiga picha, na Oktoba utakuwa unamtafuta kwenye simu.