Herufi Hewa

Mchora vibao wa kwetu Tandika anatoza kwa herufi. Moja shilingi 1,000, nafasi katikati anakupa bure, sijui kwa wema gani. Mimi kazi yangu ni fundi bomba, na FUNDI BOMBA ukiihesabu ni herufi kumi. Nikapiga hesabu ya mtu mzima: kwa Kizungu si ni PLAMA? Tano tu. Nusu bei, na bado wapita njia wataona huyu jamaa ng'eng'e inapanda. Nikalipa 5,000 nikifurahi kwamba baada ya miaka yote ile ya mateso, Kiingereza kimenirudishia hata hela ya nauli.

Furaha ilidumu mpaka saa kumi jioni, basi la shule lilipomshusha binti yangu. Mtoto yuko darasa la nne, Inglishi midiamu, ada yake ndiyo sababu babake anatembea kwa miguu. Akasimama mbele ya kibao, mkoba mgongoni, akakisoma kama mkaguzi.

"Baba, umechapia. Ni p-l-u-m-b-e-r."

"Hiyo b inasomekaje?"

"Haisomeki, baba. Ipo tu."

Ipo tu! Mwaka 2016 Serikali ilizunguka nchi nzima kuwasaka watumishi hewa, watu wanaokula mshahara na kazini hawaonekani. Kumbe Waingereza wao wamewaajiri kwenye alfabeti na wamewapa mkataba wa kudumu. Risiti wanaiandika na p ndani, ukiisoma p haipo. Kisu wanakianza na k, ukiitamka wanakucheka. Na kanali je? Sisi tunaandika kanali, tunasoma kanali, jeshi linaendelea na kazi zake. Wao katikati wanaandika l, halafu Mmarekani akisoma inatoka r. Kwetu Usukumani mtu akichanganya l na r anachekwa mpaka anahama kijiwe. Wakichanganya wao, inaitwa spelingi.

Msinione mvivu. Hii lugha nimeifukuza tangu darasa la tatu. Ila msingi wote nilisoma Saint Kayumba, yaani shule ya serikali, miaka saba ya kila kitu kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja la kuimba: gudi moningi ticha, wi a faini, sit dauni. Usanisinuru nilikuwa naujua vizuri, naweza kukuchorea jani na mishale yake. Mwaka 1999 nikaingia form one, asubuhi ya kwanza mwalimu akaandika ubaoni neno refu linaloanza na ph. Nikajua huu ni ugonjwa. Ilinichukua muhula mzima kugundua kwamba ni lile jani langu, limebadilishiwa jina kama mtu aliyekimbia madeni.

Mtihani wa kwanza, swali lilianza na "Define". Sikumjua huyo Define ni nani. Nikafanya walichofanya wenzangu: nikalinakili swali lote kama jibu, kwa mwandiko mzuri, nikapiga na mstari chini kwa rula. Mwalimu aliweka sifuri, pembeni akaandika "Good handwriting". Nikaenda kuwaonyesha nyumbani hiyo good.

Halafu kulikuwa na kibao. Si hiki cha kazi, kile cha shingoni. Ukikamatwa unaongea Kiswahili unavishwa, na hukivui mpaka umkamate mwenzio. Watu wanadhani shule ile tulijifunza kuongea Kiingereza. Tulijifunza kunyamaza. Mapumziko yalikuwa kama msibani, wanafunzi mia tatu na ushee wanatazamana, anayetaka maji ananyoosha kidole kwenye mtungi.

Siku nilipovikwa mimi, nilizunguka mpaka saa nane bila kupata mteja. Ikabidi nitumie akili. Nikamfuata jamaa mmoja mpole, nikamkanyaga kidole cha mguu kwa kisigino. Maumivu hayana muda wa kutafsiri. Akaruka: "Mayu wane!" Nikavua kibao haraka nimvike, akakataa. "Hicho kinakataza Kiswahili. Mimi nimelia Kisukuma." Kesi ikafika ofisini, ikasikilizwa kwa Kiingereza, wote wawili tukashindwa kujitetea. Nikarudi na kibao changu, na fimbo mbili za kukanyaga.

Yupo mwalimu mmoja tulimlipa kisasi bila kukusudia. Mwenzetu alimuuliza kwa upole: "Wewe ni mtoto wa ngapi kwenu" kwa Kiingereza inakuwaje? Swali la bibi yako, la kawaida kabisa. Mwalimu akaandika, akafuta, akaandika, akafuta, chaki ikaisha. Kengele ndiyo iliyomuokoa. Nasikia mpaka leo hakuna njia fupi ya kuliuliza. Lugha nzima, wenyewe waliitawala robo ya dunia, hawawezi kuulizana nani kamtangulia nani!

Sasa hivi nasoma darasa la jioni, mara tatu kwa wiki, kwa sababu ya wateja wa Mikocheni. Kwenye mabomba sina shida, Kiingereza cha mabomba nimezaliwa nacho: elbo, tii, yunioni, geti valvu. Shida ni maneno yanayozunguka bomba. Mwezi jana nimeitwa kwa mama mmoja wa Kizungu, saa mbili asubuhi. Nimefika saa nane mchana. Hapo nasema ukweli, nilikuwa na kazi nyingine Temeke, ila nilimwambia nimechanganya saa za Kiswahili na za Kizungu, akanionea huruma. Kiingereza nacho kina siku zake.

Akanipeleka jikoni, akafungua koki, kimya. Akaniuliza: "So there's no water in the tank?"

Nikajibu "Yes." Maana yangu: ndiyo, kama ulivyosema, hamna.

"Oh, there is?"

"No."

"No, there isn't?"

"Yes."

Akanitazama. Nikamtazama. Mlinzi aliyekuwa mlangoni akaamua kuondoka. Mama akasema atapanda juu ya tangi ajionee mwenyewe, akapanda ngazi, goti likagonga chuma, ko! Nikasema kwa moyo safi: "Sorry, sorry, mama."

"It's not your fault," akanijibu.

Sasa nani kasema ni kosa langu? Mimi nimekupa pole! Kwetu mtu akijikwaa Tanga, wa Mbeya akisikia anampa pole. Lugha isiyo na pole ina watu wanaumia kimyakimya huko, na ndiyo maana wana daktari wa kila kitu.

Basi, tuachane na hayo. Nilirudi kwa mchora vibao kuomba aniingizie b. Akasema b haingii, herufi zimebanana, na ile a ya katikati nayo ni kosa, inabidi afute aanze upya: herufi saba, 7,000. Nikamwomba ile b anitoze nusu, kwa kuwa haisomeki.

"Fundi," akasema, "haisomeki, lakini rangi inakunywa."

Nimelipa. Jumla 12,000, wakati FUNDI BOMBA ingekuwa 10,000 na ningekuwa nimelala. Kibao nimekining'iniza juzi. PLUMBER, herufi zote kazini, pamoja na yule mtumishi hewa. Mteja wa kwanza kafika asubuhi hii, baba mtu mzima na baiskeli yake. Akakisoma kwa sauti, taratibu, hajaruka hata herufi moja kama alivyofundishwa shuleni, kisha akanigeukia:

"Shikamoo ni yako wewe au yangu, sijui, ila niambie kwanza. Hizi plumberi mnauza bei gani?"