Kuulizwa sio kuamua

Jumapili kwenye kikao cha kijiji tumebishana karibu saa nzima juu ya mtaro. Mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji, kwenye kiti chake cha plastiki, mama wa chapati analalamika maji machafu yanamfikia mpaka kwenye sigiri, jiko lake la mkaa, mzee mmoja hataki kabisa kutoa elfu mbili ya kuzibua kwa sababu nyumba yake iko mlimani, mwishowe tukanyoosha mikono yakaisha. Nikawaza, mtaro tunaamua wenyewe, mbona makubwa yanatupita juu ya kichwa?

Kwenye makaratasi Uganda tuko vizuri sana. Tume ya Jaji Odoki ilizunguka nchi nzima ikakusanya maoni ya maandishi zaidi ya 25,000, ikazaliwa katiba ya 1995, na kifungu cha kwanza kabisa kinasema mamlaka yote ni ya wananchi. Sasa katiba hiyo hiyo iliweka ukomo wa umri wa miaka 75 kwa rais, Desemba 2017 wabunge 317 wakautoa, 97 wakakataa. Kabla ya hapo kila mbunge alipewa shilingi milioni 29 aende kuuliza watu wake, na huku watu wanajifunga vitambaa vyekundu kichwani wanasema Togikwatako, Kiganda hicho, yaani usiiguse. Waliulizwa, ndio, lakini kuamua waliamua wengine.

Basi wapo wanaosema kila jambo zito liende kwa kura ya maoni. Hapo mimi nasita. Tumeshafanya mbili, 2000 tukaulizwa kama tubaki na mfumo wa Movement, yaani siasa bila ushindani wa vyama, ndio ikapata kama asilimia 90, halafu 2005 tukaulizwa turudishe vyama vingi, ndio tena, kama asilimia 92! Miaka mitano tu, majibu mawili yanayopingana, na hiyo ya pili zaidi ya nusu ya waliojiandikisha hawakutokea. Ukiangalia vizuri, mshindi ni yule aliyetunga swali, kwa sababu mwaka huo huo wa 2005 ukomo wa mihula ya rais ulitolewa bungeni na hilo hakuna aliyetuuliza.

Wanaosema waachiwe wataalamu nao wana pointi, mkataba wa mafuta huwezi kuupitisha kwa kunyoosha mikono. Ila muswada wenyewe unaandikwa Kiingereza, mama wa chapati atachangia nini kama hajui kilichoandikwa?

Mimi naona afadhali zile baraza za gombolola, yaani mikutano ya wazi ya kata, ambazo ofisi ya waziri mkuu ilianzisha 2009, afisa anasimama mbele ya watu anaeleza hela imeenda wapi. Kasoro yake ni moja, akishapanda gari hakuna wa kumrudisha aje ajibu tena. Na hata LC1 zenyewe, hizo LC za kijiji, tulikaa bila uchaguzi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 mpaka Julai 2018 ndio tukapanga mstari tena nyuma ya wagombea.

Mtaro tulizibua. Kalavati tumeambiwa iko kwenye bajeti ya wilaya, tusubiri.